Mama Subiri na Kiini Kisicho na Saini

Ijumaa hii, tarehe 30 Juni, mkuu wa kitengo chetu cha kompyuta anastaafu baada ya kuitumikia hospitali hii kwa miaka thelathini na mmoja na miezi minne. Katika miaka yote hiyo faili lake limepokea barua nne za pongezi na barua moja tu ya onyo, aliyopewa wiki sita zilizopita. Mimi, naibu wake, nimepewa ukurasa huu nimuage kwa niaba ya wafanyakazi wote. Niliambiwa niandike mambo ya kufurahisha. Yapo, na nitayaandika, lakini barua ile siwezi kuiruka.

Aliingia hapa kama karani wa masjala, akipiga chapa kadi za wagonjwa. Kompyuta ya kwanza ilipoletwa, wakubwa waliifunika kitambaa na kupita mbali nayo. Yeye alikifunua kitambaa siku ya tatu, na kabla mwezi haujaisha alikuwa akiwafundisha wale wale waliomkataza kuigusa. Alisoma masomo ya jioni miaka minne akiwa na watoto watatu wadogo. Mumewe, fundi cherehani, anatuambia kwamba miaka hiyo mguu wake mmoja ulikuwa ukikanyaga mashine na mwingine ukibembeza kitanda cha mtoto.

Jina la Mama Subiri tulimpa sisi. Toleo jipya la programu yoyote likitoka, mikono ilituwasha. Yeye jibu lake lilikuwa hilo hilo moja: "Subirini." Hata nyumbani yuko hivyo. Bintiye alimnunulia simu mpya, ikakaa ndani ya boksi miezi minne, mpaka mawifi zake watatu wenye simu kama hiyo walipomhakikishia kwamba haizimiki ovyo.

Sasa nije kwenye lenyewe. Kompyuta huamshwa na kiini cha mfumo endeshi, ile sehemu inayowaka kwanza na kuamrisha vifaa vingine vyote. Kiini hupatikana kwa namna mbili. Kipo chenye saini ya watengenezaji, ambayo kompyuta huikagua kabla ya kuwaka ili ijue hakijachezewa. Kipo pia kisicho na saini, ambacho hakiwaki mpaka uzime ukaguzi huo. Makao makuu yaliagiza kwamba katika kuboresha mifumo mwaka huu, kompyuta zetu zote zihamie kwenye chenye saini. Ni agizo zuri, na Mama mwenyewe alilisimamia. Kompyuta mia moja na kumi na tatu zilihama. Ya mia moja na kumi na nne, inayolinda joto la friji ya damu, aliiacha na kiini kisicho na saini, akabandika karatasi: "Usiguse."

Orodha yangu ikabaki na mstari mmoja mwekundu, nao ulinikera kila nilipoufungua ukurasa. Mama alipochukua likizo ya siku mbili kufuatilia karatasi zake za mafao, nilitwaa ufunguo wa akiba wa kabati la kompyuta hiyo, nikaibandua ile karatasi, nikachagua kiini chenye saini. Kompyuta iliwaka kwa sekunde arobaini bila kulalamika. Skrini ilionyesha nyuzi nne nukta moja. Nilimpigia mkuu wa maabara, kichwa kimenivimba, nikamwambia, "Tumemaliza, zote kijani!"

Alhamisi asubuhi Mama alirudi kazini, akapita maabara na kikombe chake cha chai kama ilivyo desturi yake. Alisimama mbele ya skrini ile dakika nzima. "Mbona hii namba haichezi?" akaniuliza. Sikumwelewa. Joto la friji hupanda na kushuka kidogo kila mlango unapofunguliwa; hili lilikuwa limeganda kwenye nne nukta moja tangu Jumanne. Alifungua mlango, akatia mkono ndani, akautoa haraka kama aliyeungua. Mtambo wa kupoza ulikuwa umekufa tangu jana yake mchana na kengele haikulia hata mara moja.

Mtaalamu wa maabara alikuwa ameshaweka pakiti mbili kwenye kiboksi zipelekwe kwa mzazi mmoja aliyekuwa akivuja damu baada ya kujifungua. Mama alimpokonya kiboksi mkononi. Kwa miaka kumi na miwili niliyofanya naye kazi sikuwahi kumwona akikimbia. Asubuhi hiyo alikimbia hadi kwenye simu ya mezani, na hospitali jirani ikaleta damu kwa dakika ishirini na mbili. Mzazi yule alipona, na mtoto hajambo. Pakiti thelathini na nane ziliteketezwa.

Kumbe kadi inayosoma joto la friji ni ya zamani mno. Kampuni iliyoitengeneza ilifungwa miaka tisa iliyopita, na programu yake haina saini ya mtu yeyote. Kiini chenye saini kiliikataa kimya kimya, na skrini, kwa kukosa kipimo kipya, ikaendelea kuonyesha cha mwisho ilichokuwa nacho. Ndiyo maana Mama alikuwa amekichagua kile kingine, kisha akaing'oa kompyuta ile kwenye mtandao na kuifungia kabatini ili asiifikie mtu. Mimi nilitazama kama inawaka, nikaridhika.

Kikao cha uchunguzi kilikuwa na watu saba. Mkurugenzi aliuliza nani aliamua. Nilifungua mdomo, na naapa hakuna kilichotoka. Mama akasema, "Andikeni jina langu. Sababu nilikuwa nayo kichwani miaka tisa na sikuiandika popote." Nilimwona katibu akiandika, na bado nikanyamaza.

Kule nje kwenye korido nilijaribu kumshukuru. Alinikatisha: "Mimi nimebakiza wiki sita, wewe miaka kumi na tisa. Na usinishukuru, bado sijamaliza kukukasirikia." Wiki hizo sita alizitumia kuandika daftari la kurasa sitini na nne, sababu ya kila mashine, na kuwasumbua wakubwa mpaka ikanunuliwa kadi mpya ya joto ambayo programu yake ina saini. Wiki iliyopita alikifuta mwenyewe kiini kile cha zamani. Sasa zote mia moja na kumi na nne zina saini, na safari hii zinafanya kazi.

Mama, haya utayasoma ukiwa umeketi mstari wa mbele na mzee wako, na najua utakasirika tena. Nilichagua mimi. Nilinyamaza mimi pia. Jana asubuhi nilikwenda kwa mkurugenzi na maelezo yangu ya maandishi. Aliyasoma mara mbili, akaniambia, "Umechelewa," kisha akalichomoa lile onyo kwenye faili lako na kuliandika upya kwa jina langu. Kwa niaba ya hospitali nzima tunakushukuru, na tunakuombea afya, usingizi wa kutosha na wajukuu wasio na haraka. Nenda nyumbani kwa amani. Faili lako ni safi.