Ukurasa wa Arobaini na Moja

Ndugu, jamaa, majirani, mliopata kivuli na mliokaa juani, nimesimama kwa niaba ya familia kuwasomea maisha ya mdogo wangu, na naomba mnivumilie nikienda polepole, kwa sababu kusoma nimejifunza ukubwani, mwalimu wangu ndiye huyu aliyelala hapa mbele yetu, na hata siku moja hakunikimbiza. Baba mdogo aliniambia jana mchana, mbele ya shangazi na shemeji, kwamba kuna sehemu niiruke, nikamjibu kwamba mtu aliyeanza kusoma akiwa na miaka thelathini na tisa hana neno hata moja la kuruka.

Dada yetu alizaliwa siku ya Jumatano, tarehe 11 Aprili 1984, akiwa mtoto wa tatu kati ya watano, mimi nikiwa wa kwanza, na mama alikuwa akisema kwamba huyu alitoka akiwa amekunja uso, kama mtu aliyekuta chumba hakijafagiliwa. Alianza shule ya msingi mwaka 1992 akamaliza 1998, akaingia sekondari mwaka 1999 akamaliza 2002, na miaka hiyo yote mimi nilikuwa shimoni, kwa maana kazi yangu ni kuchimba, visima na vyoo, tangu nina miaka kumi na tatu hadi leo.

Januari 2003 aliajiriwa hospitali kuwa msafishaji wa wodi ya watoto, akapiga deki pale kwa miaka kumi na zaidi, na ni katika kupiga deki ndiko alikoona jambo ambalo wengine walikuwa wanalikanyaga tu, kwamba mtoto anatibiwa kuharisha, anaruhusiwa Jumatatu, na wiki ya pili yake yuko kitanda kile kile, mama yule yule, kanga ile ile. Akawa anauliza, mama fulani, nyumbani mnachota wapi maji, na anaandika kwenye daftari la shule la mtoto wa jirani lililobaki kurasa, mpaka muuguzi mmoja akamwambia, "Dada, wewe shika fagio, hayo mengine yana wenyewe," naye akajibu huku anakamua tambara, "Basi niambie hao wenyewe wako wapi, niwapelekee daftari lao."

Tarehe 16 Desemba 2006 alifunga ndoa na shemeji yetu, fundi baiskeli, mtu mpole ambaye alimwoa akijua kabisa kwamba atakuwa anaulizwa kama amenawa, na wakajaliwa watoto wawili, binti mwaka 2008 na wa kiume mwaka 2011, wote wako hapa, wamesimama wima, na mama yao ndivyo angetaka.

Oktoba 2013, akiwa na miaka ishirini na tisa, mtoto mmoja anasoma na mwingine bado anabebwa, baada ya kurudia mitihani miwili ya sayansi, alianza chuo, masomo ya shahada ya kwanza ya afya ya jamii, miaka mitatu. Hapo ndipo maneno yalipoanza. Huyu anauliza kama akimaliza atadunga sindano, akiambiwa hapana, anauliza atapasua, akiambiwa hapana, anacheka, "Sasa daktari gani huyo, daktari wa vyoo?" na jina likamganda, Daktari wa Vyoo, watoto wanamwimbia akipita na begi lake. Mimi pia nilicheka, sitaficha. Nilimwambia, mdogo wangu, hivyo vyoo unavyovisomea miaka mitatu mimi navichimba siku nne, akaniambia, "Kaka, ndiyo maana naenda kusoma." Sikumwelewa.

Mwaka 2015, kuanzia Julai hadi Septemba, alifanya utafiti wake wa kumaliza chuo hapa hapa mtaani kwetu, akaingia nyumba sitini na mbili, akahesabu kwa miguu yake hatua kutoka kila kisima hadi kila choo, tena mara mbili mbili, ndipo watu wakaongeza jina la pili, Dada Hatua, akachota maji kwenye chupa zilizochemshwa, akazipanga kwenye kibebeo chenye barafu, akazipeleka maabara ya chuo kabla ya saa sita mchana. Majibu aliyaandika kwenye ripoti yake, na yaliyoleta vita yako ukurasa wa arobaini na moja.

Mei 2016 ripoti ilisomwa mbele ya walimu, na habari ikafika mtaani kwamba Daktari wa Vyoo ameandika kwamba kisima cha uani kwa Mwenye Nyumba ni kichafu, na kwamba aliyekichimba ni kaka yake. Mwenye Nyumba, ambaye yuko hapa, kiti cha mbele, na namshukuru amekuja, alinifuata kazini akaniambia, "Fundi, dada yako amekuanika, nani atakuita tena kuchimba?" akatoa barua iliyokwisha kuandikwa kwenda chuoni, kwamba mwanafunzi huyu ni mwongo na hata ndugu zake wanamkana. Tarehe 3 Juni 2016 niliweka dole gumba kwenye barua hiyo, bila kujua herufi hata moja iliyokuwa ndani, na familia nzima ikasema umefanya vizuri, wewe ndiye mkubwa. Chuo kikazuia shahada yake. Wakamwambia, ondoa ukurasa huo tu, mengine yote ni mazuri, utahitimu na wenzako. Akakataa. Shemeji akamwomba, mama akalia, baba mdogo akasema huu ni ukaidi wa kike, naye akasema, "Nikiondoa ukurasa, maji yatasafika?" Wenzake wakavaa majoho Novemba, yeye siku hiyo alikuwa anafua.

Na mwaka huo huo aliokaa nyumbani kwa sababu ya dole langu, akanifundisha mimi kusoma. Kila nikitoka shimoni, saa kumi jioni, tunakaa kwenye benchi la mlangoni kwake, na kwa kuwa kitabu cha kuanzia hatukuwa nacho, alitumia karatasi zake za chuo, kwa hiyo wenzangu huanza na baba na mama, mimi neno la kwanza kulisoma peke yangu lilikuwa kuhara. Alicheka mpaka akashika mbavu. Tukaenda hivyo ukurasa kwa ukurasa, tukafika wa arobaini, na siku iliyofuata alinipa tu ukurasa uliokuwa unafuata, akaingia ndani kupika. Ulinichukua jioni tatu. Huo ndio niliotakiwa kuuruka leo, na ninausoma.

"Kisima namba tatu kiko hatua kumi na mbili kutoka choo cha shimo, wakati umbali unaotakiwa ni hatua zisizopungua thelathini. Choo kiko upande wa juu na kisima upande wa chini. Maji yamepimwa mara tatu, na mara zote yamekutwa na vijidudu vya kinyesi. Katika watoto ishirini na saba wanaokunywa maji haya, kumi na tisa waliharisha zaidi ya mara moja ndani ya miezi mitatu. Kisima na choo vilichimbwa na fundi mmoja, ambaye ni kaka wa mtafiti. Fundi huyu ni hodari, na kuta zake hazijawahi kuanguka. Alichimba pale alipoonyeshwa, na hakuna aliyewahi kumwambia umbali unaotakiwa, kwa sababu maelekezo yote yameandikwa, na yeye hakupelekwa shule ili sisi wadogo zake tusome. Kosa si lake. Lakini kisima kifungwe."

Ndicho nilichokiwekea dole kukipinga. Mtu pekee duniani aliyeandika kunitetea, nilimkana.

Tarehe 20 Machi 2017 niliandika barua kwa mkono wangu, mistari kumi na minne, siku mbili nzima, nikaipeleka chuoni mwenyewe nikiwa na udongo kwenye viatu, nikawaambia walimu fundi ndiye mimi, hatua ni kumi na mbili, nimezirudia. Novemba 2017 akatunukiwa shahada yake, ukurasa ukiwa ndani, na mwaka 2018 akaajiriwa kuwa afisa afya, kazi aliyoifanya hadi alipougua, na kwa mamlaka ya kazi hiyo kisima kile tukakifunga mimi na yeye kwa mfuniko wa zege, na tangu hapo sijachimba shimo bila kuhesabu hatua kwanza.

Agosti 2023 alianza kuvimba miguu, vipimo vikaonyesha figo, akalazwa mara tano, wodi iliyo juu ya ile aliyoipigia deki, na hata huko alihesabu hatua kutoka kitandani hadi bombani, akawaambia wauguzi sabuni imekwisha tangu juzi. Aprili mwaka huu, dada akiwa kitandani, Mwenye Nyumba alivunja mfuniko akaanza tena kuchotesha watu maji. Dada tulimficha habari hiyo. Akajua, kwa sababu muuguzi wa watoto alipanda kumjulia hali akamwambia watoto wa kuharisha wamerudi, wale wale. Alinishika mkono akasema, "Kaka, soma tena." Alifariki Jumanne, tarehe 4 Juni 2024, saa tatu asubuhi, akiwa na miaka arobaini.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi zote mbili, maafisa afya wenzake waliobeba jeneza, walimu wake waliokubali kubadili uamuzi, na majirani mliotandika mikeka na kukesha nasi. Maji mliyonawa leo nimeyachota bombani mwenyewe, kunyweni bila wasiwasi. Tukitoka makaburini nitapitia uani kwa Mwenye Nyumba, saruji na kokoto viko tayari kwenye toroli, koleo ni langu, na anayetaka kunizuia asilete barua ya kuwekea dole, alete ya kusoma.

Pumzika kwa amani, mwalimu wangu, Daktari wa Vyoo, nimesoma yote, sikuruka.