Nilimwombea Mgonjwa wa Redioni

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Itikieni vizuri, sikusimama hapa kubembeleza mtu.

Mimi ni Bibi Agnes, nauza pilipili ya unga na binzari Kariakoo. Shule niliishia darasa la pili, kwa hiyo nitasema kama ninavyosema. Nimechekecha pilipili tangu baba yake Neema yuko mgongoni. Neema ni mjukuu wangu, ana miaka minne, tunalala kitanda kimoja, kichwa chake hapa kifuani.

Ndugu zangu, kule kwenye pilipili kila mtu anakohoa. Asiyekohoa tunamwona mvivu! Kwa hiyo kikohozi kiliponishika nikasema ni vumbi. Mwezi ukaisha, nikasema vumbi. Mwezi wa pili magauni yakanipwaya, jasho linalowesha shuka, bado nasema vumbi! Stela, mke wa mwanangu, akaniambia, "Mama, nenda kapime." Nikamjibu, "Wewe umesaga pilipili lini?" Kiburi kile!

Sasa jirani yangu wa meza, Mama Zuhura, ana redio. Kila Jumanne jioni kuna mchezo wa kuigiza. Mimi sikujua ni mchezo, nilidhani ni wale watu wanaohojiwa wakiomba msaada. Nikamsikia Mzee Kibwana, mpakia mizigo wa bandarini, anakohoa mpaka anashika ukuta, hataki kupima, na analala na mjukuu wake. Nilikasirika! Nikaigombeza redio, "We mzee, utamuua mtoto! Nenda hospitali!" Huku na mimi nakohoa. Mama Zuhura akacheka, akadhani nanogewa kama wengine.

Jumapili nikasimama hapa hapa, mnakumbuka, nikaomba kanisa limwombee Mzee Kibwana. Mkaomba. Wengine mkalia! Na desturi yetu ni kwamba mgonjwa akitajwa lazima atembelewe. Jumatatu akina mama sita wakanifuata sokoni, wamebeba sukari, sabuni na machungwa. "Bibi, tupeleke kwa mgonjwa."

Mimi sijui anakaa wapi. Nikamuuliza Mama Zuhura. Alicheka mpaka akakalia gunia langu la pilipili.

"Bibi Agnes! Yule ni mwigizaji! Mmemletea sukari mtu wa mchezo?"

Akina mama wakatazamana. Nikafungua mdomo nimjibu, kikaja kikohozi. Kikanikunja. Nilipotoa kanga mdomoni, damu.

Mama Zuhura akaacha kucheka. Akasema taratibu, "Shoga yangu, mgonjwa wenu si huyu hapa? Tena naye ana mjukuu."

Ndugu zangu! Maneno yote niliyomrushia yule mzee yakanirudia mwenyewe. Utamuua mtoto! Nikamwona Neema wangu, anavuta pumzi ninayoitoa mimi.

Sikubisha. Nikafunika pilipili. Wale wale akina mama, na sukari yao mkononi, wakanipeleka zahanati, Mama Zuhura akabaki anauza kwenye meza zote mbili, yake na yangu. Nikatema makohozi kwenye kikopo. Majibu yakaja: kifua kikuu.

Neema akapimwa. Siku ile ya kungoja majibu yake sitaki kuisimulia. Hana! Haleluya, hana! Wakampa dawa za kinga. Mimi nikameza dawa zangu miezi sita, sikuruka hata siku moja. Stela alinisimamia kama askari na mimi nikamtii. Wanaonijua wanajua huo nao ni muujiza.

Leo nimenenepa, magauni yananibana! Nachekecha pilipili nimefunga kitambaa puani. Na Mzee Kibwana? Jumanne iliyopita naye kapona. Nikapiga vigelegele, soko zima likageuka. Najua ni mchezo. Nikapiga tena!

Namshukuru Mungu aliyenisemesha kwa redio ya jirani yangu Muislamu, maana aliponisemesha kwa mkwe wangu Stela nilikataa kusikia. Asanteni nyote mliomwombea mtu asiyekuwepo. Maombi yenu hayakupotea njia, yaliangukia kwangu.

Tangu nianze kusema kuna mtu anakohoa pale dirishani. Nakusikia. Usiniambie ni vumbi. Mtumaini Mungu, halafu nyanyuka ukapime. Ibada ikiisha nitakungoja mlangoni, twende wote. Sukari ninayo mkobani.