Uraia wa Vero na Kibanja cha Baba Yake

Pale Isingiro, benchi la Kokwijuka muuza kahawa halijawahi kukosa watu wa kuiendesha dunia. Asubuhi hiyo zamu ilikuwa ya Gosbert, aitwaye Redio kwa kuwa hazimiki, na Nolasco Mkoloni, aliyewahi kuwapikia mapadri Wazungu. Katikati yao alikaa Yustus, kahawa yake ikipoa. Binti yake Vero, muuguzi huko Polandi mwaka wa kumi sasa, alikuwa amemwandikia: Baba, nikichukua uraia wa huku naruhusiwa kufanya kazi Ujerumani, Ufaransa, popote kwenye umoja wao. Ila wa kwetu naupoteza. Nichukue? Siku ya tatu hiyo, Yustus hajajibu.

— Popote? Bila kibali? — Redio akauliza.

— Bila kibali. Mpolandi anaamka zake, anapanda basi, kesho yake kaajiriwa Ujerumani, — Yustus akasema.

— Kwa nini wanaachiana hivyo? — Kokwijuka akauliza.

— Wameoana mno, — Mkoloni akasema. — Wale ni mashemeji watupu. Shemeji utamdai kibali?

— Wapi, — Redio akapinga. — Wamezeeka. Wa kuwaogesha wazee hakuna. Ukivuka tu mpaka unakuta mtu kashika taulo, anakuuliza utaanza na babu yupi.

— Mbona sisi kuvuka hapo mpakani Murongo tukachume kahawa kwa Waganda ni maswali matupu? — Kokwijuka akadakia.

— Sisi hatujazeeka vya kutosha, — Redio akamjibu.

Wakacheka. Yustus naye akacheka, na kwa mara ya kwanza akaliona jambo lenyewe jepesi. Mtoto aende mbele, basi.

Pembeni alikuwa amekaa Kemigisha, mama kutoka kijiji cha Kamuli aliyefuata mbegu za maharage. Hakuna aliyemjua.

— Shikamoo, baba. Samahani, kwenye kibanja chenu, huko migombani, kuna makaburi?

— Marahaba. Yapo. La baba yangu, na la mama yake Vero.

— Sasa siku na wewe ukilazwa hapo, Vero ataingia nyumbani kwake kwa viza ya siku ngapi?

Redio akatazama ndani ya kikombe. Mkoloni akakohoa.

Yustus aliumia, hakuficha. Akatoa simu, akaandika kwa kidole kimoja, polepole: Chukua, mwanangu. Siku yangu ikifika, uje hata kwa wiki moja.