Aminiel Loth Mkwizu: Mtu Asiyejua Kukaa

Mzee Aminiel Loth Mkwizu alizaliwa tarehe 7 Machi 1966 hapa Chome, wilaya ya Same, mtoto wa tatu wa marehemu Mzee Loth Mkwizu na marehemu Mama Ernesta. Alibatizwa na kupata kipaimara katika usharika wetu huu wa Kilutheri. Mama yake alikuwa akisema kwamba kumvalisha shati mtoto huyu kulihitaji watu wawili, mmoja wa kumvalisha na mwingine wa kuziba mlango.

Alianza shule ya msingi mwaka 1974 na kuhitimu mwaka 1980. Mwalimu wake wa darasa la tatu, baada ya kuchoka kumrudisha kwenye dawati, alimpa kazi ya kugonga kengele ili awe na sababu halali ya kusimama. Tangu siku hiyo vipindi vya shule yetu vikawa vifupi kidogo. Baadaye alisomea ufundi bomba mjini Moshi, akamaliza mwaka 1986.

Mwaka 1987 alikabidhiwa bomba la maji la kijiji, linaloanzia kwenye chanzo ukingoni mwa msitu wa Shengena. Aliipenda kazi hiyo kupita kiasi. Bomba likipasuka alikuwa ameshafika kabla taarifa haijamfikia, na ilipoitwa msaragambo, yaani kazi ya pamoja ya kijiji, yeye ndiye aliyetangulia na sepetu na ndiye aliyewasema waliochelewa. Wengi mlio hapa mmewahi kusemwa.

Tarehe 18 Desemba 1993 alifunga ndoa na Agatha, binti wa Mzee Shedrack wa Msangeni, Mwanga. Wageni wakiwa mezani maji yakakatika, na bwana harusi akatoweka. Alirudi maji yakitoka, suruali ya suti ikiwa imelowa hadi magotini, akamwomba radhi mkewe na kuketi kama aliyekwenda kunawa mikono. Agatha alicheka siku ile. Baadaye alikuwa akisema hakujua kwamba ameonyeshwa ndoa yote kwa siku moja, kwa kuwa kwa miaka thelathini iliyofuata mumewe alikula amesimama, akalala akiwa wa mwisho na kuamka wa kwanza. Walijaliwa watoto watatu, nao walimpenda baba ambaye mara nyingi walimwona mgongo.

Mapema mwaka 2023 alianza kusikia maumivu chini ya mbavu za kulia. Aliyaita vidonda vya tumbo, akaendelea kupanda mlima huku suruali zikimpwaya. Mwezi Aprili Agatha alimshusha Same kwa nguvu. Kutoka Same wakapelekwa Moshi, na kutoka Moshi hadi hospitali kubwa ya Dar es Salaam. Ilikuwa saratani ya ini, iliyotokana na homa ya ini aliyoishi nayo miaka mingi bila kujua. Wazee wa ukoo walishauri hapa tuandike tu kwamba aliugua kwa muda mrefu. Lakini marehemu mwenyewe, kabla hajafariki, alikuwa ameshalikataa hilo, akataka ugonjwa utajwe kwa jina lake ili watu wakapime. Watoto wake wote wamepima na kuchanjwa.

Aliwaambia madaktari wakate upesi arudi nyumbani. Daktari Sharifa alimweleza kwamba uvimbe ulikuwa mkubwa na umeukumbatia mshipa mkubwa wa damu, hivyo kukata wakati ule kungemuua. Ilibidi kwanza uvimbe usinyae. Wangepitisha mpira mwembamba kwenye mshipa wa paja hadi kwenye ini, wamwage dawa pale pale penye uvimbe, kisha wauzibe mshipa unaoulisha. Pamoja na hayo angetundikiwa dripu kila baada ya wiki tatu, ya dawa za kuupa mwili nguvu ya kupambana na saratani. Matibabu hayo kwa pamoja yakifaulu, ndipo angepasuliwa. Marehemu alifikiri kidogo, akauliza, "Kwa hiyo mnafunga koki kwanza?" Daktari alikubali kwamba ni kama hivyo.

Kuelewa alielewa, lakini kungoja kulimshinda. Baada ya kuzibwa mshipa mara ya kwanza, homa ilipotulia tu, Agatha aliingia chumbani nyumbani kwa binti yao Faustina, walikofikia Dar es Salaam, na kukuta kitanda kitupu. Alipopiga simu, mumewe alijibu kutoka Korogwe, ndani ya basi, kwamba mvua imeziba chanzo na anapita mara moja tu. Alikaa Chome hadi siku ya dripu ikapita, akarudi macho yakiwa ya njano. Daktari Sharifa alisema wazi kwamba akitoroka tena, upasuaji asahau.

Agatha aliogopa kuliko alivyowahi kuogopa. Hakugomba. Alivuta kiti, akaketi kando ya dripu, akamwomba mumewe amweleze bomba lote, kutoka kwenye chanzo hadi koki ya mwisho, kila kiungo kiliwekwa lini na nani. Marehemu aliongea saa nne. Siku ya dripu iliyofuata waliendelea, kisha wakaacha bomba na kuanza mengine, ya utotoni, ya watoto, ya mambo waliyokuwa wakipitana nayo mlangoni. Faustina anasema aliwasikia wakicheka kama wachumba.

Mshipa ulizibwa tena mara mbili, na dripu ziliendelea hadi mwisho wa mwaka. Uvimbe ulisinyaa na kuachia mshipa mkubwa. Tarehe 6 Februari 2024 alipasuliwa, ukaondolewa. Alirudi Chome akiwa mwembamba na mwenye furaha, akawa anakwenda kwenye chanzo polepole, mara nyingi na mkewe.

Mwezi Julai 2025 saratani ilirudi, safari hii hadi kwenye mapafu, na dawa hazikuizuia tena. Sasa asiyetulia akawa Agatha. Alipiga simu Moshi, akapiga Dar es Salaam, akatafuta habari za India, akaagiza majani ya msituni, akaamka usiku kufungasha mabegi. Jioni moja mumewe alimshika mkono.

"Mama Elibariki, kaa," alisema. "Kule tulikaa, tukapata mwaka na zaidi. Hapa nakuomba ukae na mimi tu."

Akakaa. Marehemu alifariki asubuhi ya Jumatano, tarehe 12 Novemba 2025, nyumbani, mkono wake ukiwa mkononi mwa mkewe.

Ameacha mjane, Agatha, watoto watatu, Elibariki, Faustina na Loth, wajukuu wanne, dada yake Eliwaza, na mdogo wake Gideoni, ninayesoma wasifu huu.

Shemeji, desturi yetu inataka mjane akae ndani kwenye godoro, akina mama wamzunguke. Tangu Jumatano hakuna aliyekuona umekaa. Umepokea wageni, umeosha vikombe vilivyokwisha kuoshwa, umeuliza kama jeneza limefika wakati limelala mbele yako. Kaburi liko tayari, na watu wake wote tupo. Kaa, shemeji. Ndivyo alivyokuomba.

Naye Bwana ampe pumziko la amani.