Uvimbe Uliovalishwa Jezi ya Wageni

Benchi letu liko mbele ya kinyozi. Mguu mmoja umekatika, umeegemezwa tofali, kwa hiyo upande ule anakaa mwenye akili za kusawazisha, yaani mimi. Jana nilikuwa na habari za kuwafunga watu midomo. Dada yangu, tumbo moja, anatafiti saratani kwa panya, na jana ndiyo alikuwa anaangalia kama wamepona au miaka yake yote imekwenda na maji. Basi mimi, niliyeacha shule darasa la sita kwa hiari ya mwalimu mkuu, nikaanza kufundisha.

— Uvimbe ni mjanja. Askari wa mwili wanaupita tu, wanauona mtoto wa nyumbani. Dada kachukua seli za uvimbe, kazibandika alama za mwili wa panya mwingine kabisa, kawadunga panya wake. Askari wakashtuka: nani huyu?

— Kauvalisha jezi ya wageni! akadakia Wembe, kinyozi mwenyewe, mkasi hewani.

— Wakautandika! Halafu kawapandikizia ule ule, bila jezi. Leo ndiyo tunajua kama sura wameikariri.

— Wameikariri, akasema Spana, fundi baiskeli. Mgeni njoo, mwenyeji apone.

— Methali hiyo ni ya chakula, bwana, nikamwambia.

— Kwani panya hali?

Wembe akafikiri.

— Basi nami nibandikwe alama za ugeni. Mke wangu ananipita kama kabati.

— Mimi nitampaka rangi mwizi wa pampu yangu. Mbwa wote watamjua.

— Ukishampata wa kumpaka, Spana, si umeshamkamata? nikauliza.

— Haraka haraka haina baraka!

Dada akatokea, koti begani, macho mekundu. Nikamwamkia. Wengine wakasahau hata salamu.

— Wamekumbuka, akasema. Wale niliowadunga ni wazima. Wenzao niliowapandikizia bila kuwadunga kwanza wamevimba wote. Sasa nakwenda kulala.

Wembe akapiga kigelegele. Spana akampa dada kikombe cha kahawa kwa mikono miwili.

— Hicho ndicho kichwa! Cha mdogo wako ni cha kunyolewa tu.

Kwa jana tu, nilikubali.

Kulikuwa na mteja anangoja zamu yake, mgeni kwetu, skafu shingoni. Akaishusha. Chini ya sikio pamevimba kama ndimu.

— Samahani, dada. Kwa watu ni lini?

Wote tukamgeukia dada. Tangu utoto sijamuuliza kitu akakosa jibu.

— Sijui, kaka. Hospitali umekwenda?

— Naanza dawa Jumatatu.

— Usikose hata siku moja.

Akamsogezea kahawa yake, hajaionja, akavaa koti.

— Dada, si ulisema unakwenda kulala?

— Nilisema, akajibu, na tayari alikuwa anavuka barabara kurudi kwa panya wake.