Thurman Kessler na Mipira Mitatu ya Chini

Mchungaji Dahl, wanafamilia, wachezaji wa marehemu mliosafiri kutoka Kansas na Texas, majirani wa Harlow Creek, na wewe Royce Pettibone uliyekaa safu ya tatu kando ya dirisha, nawasalimu nyote. Mimi ni Lorene Kessler, mdogo wake marehemu, mwalimu mstaafu, na watoto wake Curtis na Marlys wameniomba mambo mawili, kwanza niisome historia ya baba yao, pili niisome kwa upole, na la kwanza nimelikubali.

Marehemu Thurman Dale Kessler alizaliwa siku ya Ijumaa, tarehe 14 Machi 1947, katika nyumba ya shamba letu la ngano, maili nne kaskazini mwa kanisa hili, akiwa mtoto wa kwanza wa Bwana August na Bibi Hulda Kessler, nami nikafuata miaka mitatu baadaye, nikawa mpinzani wake wa kwanza uwanjani, kwa kuwa pale shambani hapakuwa na mwingine wa kucheza naye ila binamu yetu Otto. Aliniweka mlangoni mwa ghala nimzuie, Otto akasimama nyuma yangu, na kila mara Thurman alianza kwa hatua mbili zile zile, kichwa chini, ule mpira wetu wa Kimarekani wenye ncha mbili ameuficha tumboni, nikisogea mbele nimkamate anaurusha juu ya kichwa changu kwa Otto, nikirudi nyuma kumlinda Otto ananipita ubavuni huku anacheka. "Lorene, wewe mwenyewe ndiye unayeniambia la kufanya," alikuwa akisema, "miguu yako ina mdomo." Nilimtupia bonge la udongo likampata sikioni, na mama akanichapa mimi.

Alisoma shule ya msingi hapa Harlow Creek kuanzia mwaka 1953, akaingia sekondari mwaka 1961, ambako alikuwa mrushaji wa timu kwa misimu mitatu, na mwaka 1965 akajiunga na chuo cha ualimu, akahitimu Mei 1969 katika somo la hesabu. Alifundisha hesabu na mpira katika sekondari mbili za kaunti hii kwa miaka kumi, na tarehe 1 Februari 1979 aliajiriwa na Chuo cha Bluestem kuwa kocha msaidizi anayesimamia ushambuliaji, chini ya kocha mkuu Royce Pettibone, kazi aliyoifanya kwa misimu kumi na mitatu.

Alifunga ndoa na Verna Jean Stroud tarehe 10 Juni 1972 katika kanisa hili hili, siku ambayo joto liliyeyusha sukari ya keki ikamwagika mezani, wakajaliwa watoto wawili, Curtis aliyezaliwa tarehe 2 Septemba 1973 na Marlys aliyezaliwa tarehe 19 Aprili 1975. Verna alitutangulia mwaka 2009, naye alikuwa mwanamke mpole kuliko mimi, wote mnalijua hilo.

Sasa niseme juu ya kazi yake, maana ndiyo iliyompa jina na ndiyo iliyotumiwa kulichafua. Watu wengi hudhani usawa wa mchezo ni kugawa nusu kwa nusu, mara thelathini ukimbie na mpira, mara thelathini uurushe, kama mama anavyowakatia watoto keki ili wasigombane, lakini Thurman alisema huo ni usawa wa karatasi, kwamba usawa wa kweli ni pale mlinzi anapoogopa yote mawili kwa wakati mmoja, akijazana mbele kuzuia mbio unamrushia nyuma, akitawanyika nyuma kulinda anga unampitia katikati, na hatua mbili za mwanzo zifanane kabisa ili asijue linakuja lipi. Kwa mpango huo Bluestem, chuo ambacho wengine walikuwa wanakialika ili wapate ushindi wa bure, kilishinda michezo themanini na saba, na Royce akapigwa picha themanini na saba.

Thurman alikaa juu kwenye chumba cha waandishi ili aone uwanja wote, akawasiliana na wa chini kwa vipaza vya masikioni, na mchezo aliouchagua ulipelekwa kwa vijana kwa ishara za mikono ambazo alizitunga mwenyewe. Royce hakujifunza ishara hizo hata moja, alisema ni mambo ya mabubu, na mara chache alipotaka kuchagua mchezo yeye, alimkamata kwa jezi mlinzi wa mstari, mmoja wa vijana wetu wanaomkinga mrushaji, akamnong'oneza, akamsukuma uwanjani akaseme. Naomba mlikumbuke jambo hilo, kwa sababu ndilo tunalolizungumzia leo.

Tarehe 23 Novemba 1991, Jumamosi, Bluestem ilicheza na Fort Gage kugombea ubingwa wa kanda, na zikiwa zimebaki dakika nne tulikuwa mbele kwa 20 dhidi ya 17, mpira wetu, na wachezaji tisa kati ya kumi na mmoja wa Fort Gage wamejazana mbele wakisubiri mbio, hata mimi mwalimu wa jiografia niliona toka jukwaani kwamba nyuma hakuna mtu. Thurman alikuwa na mchezo wa saa hiyo hasa, hatua mbili za mbio kisha urushe, alikuwa ameutunza mchana kutwa bila kuutumia, akautamka, na Royce akamjibu kwenye kipaza kwamba ni mbio tu, "Weka mpira chini, Thurman, hapa si darasani kwako." Thurman akamwambia, "Kocha, nyuma ni peupe, nakuomba, tazama," naye akajibu, "Chini! Nimesema chini!" kisha akavua kipaza chake. Tulikimbia na mpira mara tatu ndani ya ule ukuta wa watu tisa, tukapata yadi mbili tu kati ya kumi zinazotakiwa, ikabidi tuupige mpira uende kwa wenzetu, na Fort Gage wakafunga zikiwa zimebaki sekunde thelathini na nane, wakaondoka na ubingwa kwa 24 dhidi ya 20.

Kesho yake gazeti letu likamnukuu Royce, nami ninacho kipande hicho hapa, anasema, "Thurman ni kijana wa shamba, haamini kitu kisichogusa ardhi, nilimwomba arushe akaniwekea ukaidi." Jumanne, siku mbili kabla ya Sikukuu ya Shukrani, akafukuzwa kazi, bata mzinga wa Verna wa sikukuu bado anayeyuka barafu kwenye karo la jikoni.

Mtauliza kwa nini hakujitetea, na wanaoujua mpira hawataniuliza, kwa kuwa miongoni mwao msaidizi hamsemi kocha mkuu hadharani, akimsema hapati kazi popote, na yanayosemwa kwenye vipaza hayatoki nje. Kwa hiyo alinyamaza. Marlys, akiwa mwaka wa tatu wa sekondari, akawa anaitwa na wenzake Yadi Mbili, Verna akafika dukani mazungumzo yakakatika, na mtu mmoja, ambaye leo ameleta bakuli la viazi vya jibini kule ukumbini na nimemwona, akamtemea mate mlangoni. Nyumba waliiuza kwa bei ya kutupa, wakahama Januari kwenye barafu, na mimi niliapa siku ile nikiwapungia mkono, wala sitasema niliapa nini mbele ya msalaba.

Miezi saba baadaye alipata kazi katika Chuo cha Solomon Fork, Kansas, chuo chenye wanafunzi mia nne na nyasi za uwanja zilizojaa miiba, akawa kocha mkuu kuanzia Agosti 1992 mpaka alipostaafu mwaka 2010. Tarehe 15 Oktoba 1994 ratiba ikawaleta Bluestem kwake, na Thurman alijua kitu kimoja ambacho Kansas nzima hawakukijua, kwamba Royce akiogopa hukimbilia chini, basi akafunga mara mbili mapema ili amtie hofu, kisha akajaza watu mbele, na Royce akaugonga ukuta ule alasiri nzima. Vijana wa Thurman walikimbia mara thelathini na tatu, wakarusha mara thelathini na moja, na sikumwona mlinzi wa Bluestem hata mmoja aliyejua pa kuweka mguu. Wakiwa mbele kwa 34 dhidi ya 6, na dakika mbili tu zimebaki, saa ambayo adabu inataka upoteze muda na kumhurumia mwenzako, Thurman akatuma ule mchezo wa mwaka 1991, hatua mbili kisha urushe, wakafunga tena, 41 kwa 6. Mwenyewe aliniambia baadaye kwamba aliionea haya ile ya mwisho, vijana wa Bluestem hawakumkosea kitu, lakini mimi sikuona haya, nilipiga kelele mpaka Jumatatu nikafundisha mito ya Afrika kwa kuandika ubaoni.

Mwezi Mei mwaka huu marehemu aligunduliwa kuwa na saratani ya kongosho, akatibiwa Oklahoma City, kisha akarudi nyumbani kwangu, nyumba ile ile ya shamba, kwenye chumba chake cha utotoni. Jumanne tarehe 9 Oktoba Royce alikuja kumwona, nilimfungulia mlango mimi, nikaketi kwenye kona na ushonaji wangu, sikutoka ingawa alinitazama mara mbili nitoke. Alisema, "Mzee mwenzangu, siku ile niliogopa," Thurman akasema, "Najua, nilikusikia," Royce akasema, "Nisamehe," Thurman akasema, "Nimekusamehe, Royce, toka moyoni, sasa nenda ukaseme pale pale ulipolisema lile la kwanza." Akaahidi. Thurman akamuuliza, "Lini?" naye akasema, "Wiki hii hii."

Gazeti letu siku hizi hutoka kila Alhamisi tu, na kila Alhamisi kaka yangu aliniuliza, "Limekuja?" nami nikamsomea, Oktoba kumi na moja, kumi na nane, ishirini na tano, Novemba mosi, mpaka tarehe nane alipokuwa hawezi tena kuinua kichwa, nilimsomea lote, bei ya ngano, matrekta yanayouzwa, mnada wa kanisa la Walutheri, akasema, "Geuza, labda wameweka nyuma," nikageuza, nyuma kulikuwa na tangazo la matairi. Alifariki dunia Jumanne iliyofuata, tarehe 13 Novemba 2018, saa kumi na moja alfajiri, akiwa na umri wa miaka sabini na moja, ameacha watoto wawili, wajukuu watano na mimi.

Kwa niaba ya familia nawashukuru madaktari na wauguzi, hasa muuguzi Patrice aliyekuwa akimpangia vidonge vyake kama wachezaji na kumwacha achague cha kutangulia, namshukuru Mchungaji Dahl, nawashukuru majirani mliotulishia ng'ombe, na makocha wenzake wa Solomon Fork. Namshukuru pia Lyle Oberg, aliyekuwa mlinzi wa mstari wa Bluestem, jezi namba 64, ambaye alinijia Jumatano akilia, akasema, "Bi Lorene, yale maneno niliyapeleka mimi, mara zote tatu, alinishika jezi akaniambia chini, na nilikuwa nasomeshwa na chuo, nikaogopa." Kanda ya video ya mchezo ule ipo, Thurman alikuwa nayo miaka ishirini na saba asimwonyeshe mtu, na Curtis ameshaweka televisheni ukumbini, kwa hiyo baada ya maziko, mkila kuku wenu, mtamwona namba 64 akitoka upande wa Royce kabla ya kila mbio, na pembeni mtawaona vijana wa ishara wamekaa mikono mapajani.

Royce, jana ulimpigia simu Marlys ukaomba dakika tatu za kusema machache juu ya rafiki yako, naye kwa wema wa mama yake akakupa, na mimi sijazifuta. Mwandishi wa gazeti yupo, kalamu mkononi, nilimwalika mimi, na gari la maiti limeegeshwa nyuma ya gari lako, hilo pia niliomba mimi. Yeye alikusamehe, mimi bado. Njoo.

Pumzika kwa amani, Thurman, kaka yangu, mimi nakwenda kukaa mbele hapa nisikilize kwa niaba yako, na hatukufukii mpaka amalize kusema.