Pazia Jekundu Kwenye Vichaka vya Bustani

Miaka thelathini na sita si mchezo. Mtunza bustani wetu, ambaye ninyi wenzake mnamwita Mama Vichaka na mimi namwita binti yangu, anastaafu tarehe thelathini mwezi huu. Ofisi imeniomba niandike mimi, kwa kuwa nilikuwa mfagizi wa bustani hiihii, kabla yake na pamoja naye. Shule niliishia darasa la nne, kwa hiyo makosa ya uandishi mnisamehe. Sifa za mwanangu sipunguzi hata moja.

Alipoanza kazi, hapa palikuwa na nyasi tupu na maua yaliyoletwa kutoka mbali, yamepangwa kama askari kwenye gwaride. Ndege tuliowajua ni kunguru. Yeye akaomba kona ya nyuma ya tangi la maji, palipokuwa panatupwa matofali mabovu. Akapanda mkole, mkunazi na mkuyu, miti ya asili ya hapahapa, mbegu akiziokota mwenyewe kandokando ya reli. Wenzake wakamtania kwamba analipwa mshahara kuotesha pori mjini. Yeye akaendelea kumwagilia. Binti yangu ana maneno machache; mengi niliyachukua mimi.

Mwaka wa tano wakaja ndege aina ya shore kula kunazi. Wakafuata chozi, wale ndege wadogo wanaonyonya maua, wanaong'aa kama mafuta juu ya maji. Mwisho kurumbiza, ambao huparura majani makavu wakitafuta wadudu. Ukikaa pale alfajiri, umande haujakauka, magari yanasikika kwa mbali kama yamo ndani ya chupa. Ndege wanaamka mmoja mmoja, huyu anaanza, yule anadakia, mpaka hujui umeamka au bado unaota.

Hapo nikaharibu mimi. Siku yake ya kuzaliwa nilitaka kumfurahisha, nikaifagia kona ile ikang'aa kama sinia, jani moja sikubakisha. Kurumbiza wakahama. Binti yangu hakunigombeza, lakini alikula chakula changu siku mbili bila hata kulalamika kwamba nimezidisha chumvi. Siku ya tatu nikaokota majani makavu barabarani, magunia manne, nikayabeba hadi konani nikayamwaga. Mlinzi wa geti alicheka mpaka akakaa chini: mfagizi anarudisha taka! Kurumbiza walirudi baada ya miezi miwili, na mwanangu akarudi kuilalamikia chumvi.

Alama ya kitambaa chekundu ni ubunifu wake. Penye kiota hufunga kipande kwenye tawi, na hapo mkasi haupiti mpaka makinda waruke. Vitambaa vyenyewe vilichanwa kutoka kwenye pazia langu la sebuleni, na sikuulizwa. Majirani sasa wananiona ninavyokula. Lakini nani mwingine mji huu ana pazia lililolea ndege?

Mwaka huu mkuu wa bustani alitangaza kwamba Mama Vichaka akishaondoka, kona itafyekwa, pawekwe nyasi na mabenchi. Mimi nilitaka kwenda ofisini na fagio langu. Yeye akanizuia. Akamwomba mkuu jambo moja tu: aje asubuhi moja, akae juu ya ndoo iliyopinduliwa, asiseme kitu. Wiki iliyopita mkuu akaja, na ile tai yake nyekundu ya kila siku shingoni, mafaili kwapani. Jua lilipopenya majanini, kurumbiza mmoja akatoka, akaparura karibu kabisa na kiatu chake. Mkuu alikaa hadi saa nne ya chai. Akaondoka, mafaili ameyasahau chini ya mkunazi.

Jana asubuhi tumekuta kitambaa kimefungwa kwenye mti wa kwanza wa kona, mahali pasipo na kiota chochote. Rangi ni ileile, ila si pazia langu. Ni tai ya mkuu, na fundo lake kalifunga vilevile anavyolifunga shingoni.

Ahsante, mwanangu, kwa niaba ya ofisi, na ya wote wenye mabawa. Tunakutakia asubuhi ndefu zisizo na kengele ya kazini, na afya ya kuzifurahia. Mimi nitapita konani kila Jumapili kuwasalimia ndege wako. Majani nitayaruka.